Bunduki za Jeshi Zilizostaafu: Maswali Yanayorudi Kila Mara Lindi na Mtwara

Marehemu baba alikuwa bwana nyama, na bunduki aliyoiacha ni Mark 4, yaani Lee-Enfield ya Kiingereza, iliyopunguzwa mbao, ambayo leo ina leseni kwa jina langu. Kwa sababu hiyo tu watu wananiuliza: kwenye kahawa, msibani, hata kwenye foleni ya kupima korosho ghalani. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu na ya wamiliki wenzangu wa mikoa hii miwili, na pale tunapobishana nimesema tunabishana. Mwenye haraka achukue hili: chuma cha bunduki hizi ni kizima kuliko watu wanavyodhani. Kinachosumbua ni chakula chake, yaani risasi.

## Ya msingi

1. Mnaposema bunduki ya jeshi iliyostaafu, mna maana ya ipi?

Ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya askari, kisha jeshi likapata mpya, na ya zamani ikauzwa au ikagawiwa kwa idara nyingine na kwa raia. Hapa nazungumzia zile za bolti: unavuta chuma nyuma, ganda linaruka, unasukuma mbele, risasi nyingine inaingia chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Zinazojipakia zenyewe zina jibu lake, swali la 9, kwa sababu kisheria hilo ni jambo jingine kabisa.

Huku vitu vitatu huchanganywa. Gobori hushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu. Shotigani hutoa marisawa, na mtutu wake ni laini ndani. Bunduki tunazozisema hapa zina mifereji ndani ya mtutu inayoizungusha risasi ili isiyumbe hewani. Ukimsikia mtu anaiita ya kwake "Mauser", ile ya bolti ya Kijerumani, halafu anaipakia kwa kushindilia, mwache tu.

2. Zilifikaje kusini?

Kwa vita, na nyingine zilipita karibu na milango yetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani huku bado zilikuwa na bunduki za mfano wa mwaka 1871: risasi nene ya milimita 11, unapakia moja baada ya moja, na baruti yake nyeusi inatoa moshi mwingi. Askari akifyatua tu, adui anajua yuko kichaka gani. Mauser za mwaka 1898, zenye baruti isiyo na moshi, zilikuwa chache.

Machi 1916 meli ya Marie ilikwepa manowari za Waingereza ikaingia ghuba ya Sudi, hapa hapa Lindi, ikiwa na silaha na risasi. Mzigo ukashushwa na kubebwa na wapagazi kwenda bara. Wazee wa Sudi wana masimulizi yao juu ya mizigo ile, na kila mzee ana yake. Oktoba 1917 yakatokea mapigano ya Mahiwa, njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi, siku nne za kuuana kati ya tarehe 15 na 18. Upande wa Waingereza walikuwapo askari wa Nigeria na wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki). Bunduki ya jeshi la Kiingereza ilikuwa Lee-Enfield ya .303, yaani unene wa tundu la mtutu kwa inchi.

Mwezi uliofuata, tarehe 25 Novemba, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani huku, alivuka Ruvuma na kuivamia ngome ya Wareno pale Ngomano. Watu wake walikuwa wameishiwa risasi, wakachukua bunduki za Wareno na kuziacha za kwao. Tukio hilo nalipenda kwa sababu linasema kila kitu kuhusu mada yetu. Hawakuziacha bunduki zao kwa kuwa zimeharibika, waliziacha kwa kuwa hazina cha kula.

Lakini usidhani bunduki yenye leseni iliyopo leo Nachingwea au Newala ilitoka Mahiwa. Nyingi zilikuja baadaye, baada ya vita ya pili, kupitia idara za serikali, walowezi na wawindaji. Uingereza ilikuwa na Lee-Enfield nyingi zilizobaki, na viwanda kama BSA na Parker-Hale vilizigeuza kuwa za kuwindia kwa kupunguza mbao na kufupisha mtutu.

3. Raia anaruhusiwa kuwa nayo?

Kwa leseni, ndiyo, na si kila aina. Sheria inayotumika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi yanaanzia chini, kwenye serikali ya kijiji au mtaa unaokufahamu, yanapanda hadi kamati za usalama na polisi. Utaulizwa sababu, utaulizwa utaitunza wapi, na historia yako itaangaliwa. Silaha za kivita zinazofyatua mfululizo si za raia, na hakuna mlango wa nyuma wa kuzipata.

Kuwa na bunduki si kibali cha kuwinda. Hata nguruwe anayekula mihogo yako, taratibu zake zinapitia kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Wengi wanalisahau hili hadi siku wanapokutana na doria.

## Ipi ina sifa gani

4. Wenye Mauser wanaisifia nini?

Ukucha. Bolti ya Mauser ya 1898 ina ukucha mrefu wa chuma ubavuni unaoikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini na hauiachi hadi ganda litupwe nje. Risasi haichezi, hata ukiielekeza bunduki chini au ukiwa unatetemeka kwa hofu. Ndiyo maana watengenezaji wa bunduki za wanyama wakubwa, Rigby wa London wakiwamo, walijenga za kwao juu ya chuma cha Mauser.

Sifa ya pili ni kufunga. Bolti inajifungia mbele kabisa, karibu na risasi, kwa meno mawili, na la tatu lipo nyuma kama akiba. Ganda likipasuka, kuna matundu ya kupitishia gesi ili isimrudie mpigaji usoni. Jamaa mmoja wa Kitangari aliniambia yake imeshapita mikono mitatu ya ukoo na haijawahi kukwama hata siku moja. Nimeitazama. Nje imechakaa kama jembe la babu, ndani bolti inateleza vizuri.

Kuna pia sefti yake, kile kibawa kidogo nyuma ya bolti chenye hatua tatu. Kikilala kulia kimefunga kila kitu. Kikisimama wima kimefunga ufyatuaji lakini bolti inafunguka, kwa hiyo unaweza kuondoa risasi bila hofu. Kikilala kushoto, iko tayari.

5. Na wanailalamikia nini?

Urefu, kwanza. Ile ya 1898 yenyewe ina mtutu wa sentimita 74 na urefu wote wa karibu mita moja na robo. Ilibuniwa kwa askari aliye uwanda wa Ulaya, si kwa mtu anayepita katikati ya mikorosho iliyoinamisha matawi hadi chini. Ile fupi iliyokuja mwaka 1935 ina mtutu wa sentimita 60 na ndiyo yenye wapenzi zaidi.

Pili, sehemu ya kulengea. Katika bunduki ya 1898 ilivyotoka kiwandani, kipimo cha chini kabisa cha kulengea ni mita 400. Mnyama akiwa mita 100, risasi inapita juu ya pale ulipolenga kwa zaidi ya shibiri. Watu wanakosa, wanasema bunduki imerogwa. Haijarogwa. Imewekwa kwa ajili ya adui aliye mbali, na nguruwe wa Nanjilinji hasimami mbali hivyo.

Tatu, risasi tano tu. Na kubwa kuliko zote ni ule mkanganyiko wa milimita 8, ambao nimeutengea swali la 12. Mwenye Mauser asiache kulisoma.

6. Mark 4 je? Mbona wazee wanaipenda kuliko Mauser?

Kwanza jina. Huku kila Lee-Enfield ni "Mark 4", hata ile ya zamani ya mwaka 1907 ambayo kwa kweli ni Mark 3. Mark 4 halisi ilienea wakati wa vita ya pili. Kuzitofautisha ni rahisi: kwenye Mark 4 mdomo wa mtutu unachungulia mbele ya mbao, kwenye Mark 3 mbao zinafika hadi mwisho na pua yake ni butu. Kwa zilizokatwa mbao njia hii haisaidii. Soma maandishi ya pembeni.

Wazee wanaipenda kwa wepesi wa bolti. Inafunguka kwa mzunguko mfupi, mpini wake umekaa karibu na vidole, na mtu aliyeizoea anapiga risasi ya pili kabla mwenye Mauser hajamaliza kuvuta. Magazini inabeba risasi kumi. Teke lake ni la wastani. Baba alikuwa akisema Mauser ni ya mtu anayepiga mara moja, Mark 4 ni ya mtu aliyeshawahi kukosa. Nami nimeshakosa sana, kwa hiyo mnaelewa nilipo.

Udhaifu wake ni kwamba bolti inajifungia nyuma, si mbele. Kila ukifyatua, chuma kinanyumbuka kidogo na ganda linarefuka. Kwa risasi mpya inayotumika mara moja hilo si tatizo. Kwa bunduki iliyochoka ni tatizo, na dalili zake nimezieleza katika swali la 16. Pia mbao zake zinaushika mtutu kwa urefu mrefu, na mbao zikivimba kwa mvua za masika, mtutu unasukumwa na risasi zinahama. Wenzangu wa Newala juu hawaujui ugonjwa huu kama sisi tulio chini.

7. Kwa nini risasi za .303 hukwama magazini?

Risasi ya .303 ina ukingo uliojitokeza kwenye kitako chake. Ukiipakia vibaya, ukingo wa risasi ya juu unakaa nyuma ya ukingo wa risasi ya chini, halafu bolti ikisukuma, ya juu inaing'ang'ania ya chini. Panga kila risasi ya juu ukingo wake uwe mbele ya ile iliyo chini yake. Basi. Nimewahi kuona mtu akiipiga magazini kwa nyundo kwa tatizo hili.

8. Ile ya Kirusi ya kwenye filamu, Mosin, ni nzuri?

Huku ni nadra, na wanaoiuliza wengi wameiona kwenye michezo ya kompyuta. Ni ya mwaka 1891, ngumu kama mtaimbo na haichagui matope. Bolti yake ni nzito kufungua hasa ikipata joto, na sefti yake inataka uvute kitufe cha nyuma na kukizungusha kwa nguvu ya gumba, jambo ambalo wengi hawalifanyi, wakabaki wanatembea bila sefti. Zile za mwaka 1930 zililengeshwa zikiwa zimefungwa singe. Ukiivua, risasi inahama.

9. Na SAR?

SAR, ambayo duniani inaitwa SKS, ni bunduki ya Simonov ya mwaka 1945: risasi kumi, inajipakia yenyewe, inatumia risasi moja na ile tunayoiita SMG, yaani AK-47. Watu wa Nachingwea wanaikumbuka kwa sababu wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi yao pale. Ni bunduki nzuri, sibishi. Lakini kwetu ni ya vyombo vya dola. Ukiambiwa kuna mtu anaiuza, huyo anakuuzia kifungo. Ukiikuta imefichwa mahali, nenda swali la 21.

10. Nilisikia kuna Mauser ya Kireno. Ipo kweli?

Ipo. Ni ya mwaka 1904, inaitwa Mauser-Vergueiro, risasi ya milimita 6.5. Teke laini, bolti laini, na ndiyo waliyokuwa nayo Wareno upande wa pili wa Ruvuma. Kama kumbukumbu ni nzuri mno. Kama bunduki ya kutumia ni pambo la ukutani, kwa sababu risasi yake haikuwa na nchi nyingine iliyoitumia kwa wingi na leo kuipata ni kazi ya ndoto.

## Risasi

11. Risasi za zamani zilizokaa kwenye kopo bado zinafaa?

Zikikaa pakavu na pasipo joto, baruti isiyo na moshi inadumu miongo mingi. Lakini mahali pakavu na pasipo joto Lindi ni wapi? Risasi iliyokaa chini ya bati kwa miaka 40 imepikwa. Itafanya moja kati ya mambo matatu: italia vizuri, haitalia kabisa, au itachelewa.

Hilo la kuchelewa ndilo la hatari. Ukivuta triga na kusikia "tik" peke yake, usifungue bolti. Elekeza mdomo mahali salama, hesabu polepole hadi 60, ndipo ufungue. Na ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, simama hapo hapo. Kichwa cha risasi huenda kimekwama katikati ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua. Ondoa risasi, chungulia mtutu kuanzia nyuma hadi uone mwanga.

Ganda lenye ukungu wa kijani au ufa shingoni usilijaribu. Lirudishe polisi pamoja na mengine usiyoyaamini.

12. Risasi ya milimita 8 ni milimita 8, sivyo?

Sivyo. Wajerumani walianza na mtutu mwembamba zaidi, kisha kati ya mwaka 1903 na 1905 wakahamia kichwa cha risasi kinene kidogo chenye ncha kali. Kile cha kwanza ni inchi .318, cha pili ni .323. Ganda kwa macho ni lile lile, na risasi mpya inaingia kwenye chemba nyingi za zamani bila kulalamika. Ukifyatua, kichwa kinene kinalazimishwa kupita kwenye mtutu mwembamba, na mgandamizo unapanda kuliko chuma kilivyoandaliwa.

Mauser nyingi za jeshi zilizotoka baada ya hapo, na nyingi za awali zilizorekebishwa, ni za .323. Za kuwindia za wakati ule ndizo zinazochanganya zaidi, kwani viwanda viliendelea kutengeneza za .318 kwa miaka mingi. Kupima kwa fundi ndilo jibu. Herufi "S" kwenye mtutu ni dalili njema, lakini dalili si kipimo.

13. Naweza kumpiga nguruwe kwa risasi ya jeshi?

Risasi ya jeshi kichwa chake kimevikwa shaba mwili mzima. Ilitengenezwa ipite. Inampita nguruwe kama sindano, anakimbia nayo kilomita mbili, anakufa mahali usipomwona, na wewe unabaki na lawama ya mnyama aliyejeruhiwa. Ya kuwindia ina ncha laini inayofunguka ndani.

Na ikishapita inaendelea. Risasi ya .303 au ya Mauser inaweza kuruka zaidi ya kilomita tatu. Mashamba yetu yamepakana, watu wanalala vibandani kulinda mpunga. Mmiliki mmoja wa bonde la Lukuledi ameiacha kabisa Mauser yake nyumbani na kutumia shotigani shambani kwa sababu hiyo, na kwa masafa ya hatua 30 sioni alipokosea. Wapo wanaomcheka. Sijawahi kumcheka.

14. Kwa nini mtutu unaota kutu hata nikiupaka mafuta?

Kosa hili nimelifanya mwenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fataki, yaani kile kiwasho kidogo kitakoni, ya risasi nyingi za kijeshi za zamani ilikuwa na kloreti ya potasiamu. Ikilipuka inaacha ndani ya mtutu chumvi, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi hiyo inavuta maji kutoka hewani. Sasa hewa ya Mikindani au ya Lindi mjini unaijua. Asubuhi unakuta mtutu una vumbi la rangi ya matofali.

Mafuta hayayeyushi chumvi. Yanaifunika tu, nayo inaendelea kula chuma chini kwa chini. Niliupaka mtutu wangu mafuta kwa uangalifu mkubwa baada ya kupiga risasi tano za kopo la zamani, nikajisifu, nikasafiri siku nne. Niliporudi mifereji ilikuwa na vidonda ambavyo vipo hadi leo. Dawa ni maji. Maji ya moto, yapitishwe mtutuni siku ile ile, kisha kitambaa kikavu mara tatu nne, ndipo mafuta. Bolti nayo uso wake uoshwe. Wazee wa KAR walifanya hivyo wakiwa na birika na mrija maalumu wa kumiminia.

Risasi mpya za kiraia kwa kawaida hazina tatizo hili. Ukiwa na shaka, maji.

## Kuitunza pwani, kuikagua, kuirithi

15. Niiweke wapi nyumbani?

Kwenye kasha la chuma lenye kufuli, limefungwa ukutani, risasi mbali na bunduki. Hayo sheria na akili vinayataka. Ya kwetu ya ziada ni haya: usiiache ndani ya mfuko wa turubai au wa ngozi, kwa sababu inashika unyevu kama sifongo. Na usiiweke chumba kimoja na mifuko ya salfa ya mikorosho. Vumbi la salfa likikutana na unyevu linakula chuma na kuipaka shaba weusi. Kuanzia mwezi wa tano nyumba nyingi za huku zimejaa salfa, na ndio wakati ninaoletewa bunduki zenye madoa.

16. Kabla ya kuichukua kwa mtu, nikague nini?

Anza na namba. Namba ya chuma kikuu na ya bolti zilingane, na zote zilingane na leseni ya anayekuuzia. Isipolingana na leseni, ondoka. Bolti ikiwa na namba nyingine, bunduki inaweza kuwa salama au isiwe, kwa sababu nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi ilipimwa kwa jozi ile. Mark 4 ina kichwa cha bolti kinachobadilishwa, chenye namba 0 hadi 3 kulingana na urefu, na watu wamezibadilisha bila kupima.

Kisha uliza kama kuna ganda lililokwisha pigwa na bunduki hiyo. Likiwa na mstari unaong'aa ukilizunguka karibu na kitako, limeanza kukatika, na bunduki inahitaji fundi mwenye leseni kabla haijapigwa tena. Hiki ndicho kipimo bora cha maskini nilichowahi kufundishwa.

Mdomo wa mtutu utazame kuliko sehemu nyingine. Askari walisafisha kwa kamba na fimbo miaka mingi, na mdomo uliolika upande mmoja unarusha risasi ovyo hata kama ndani ni kioo. Mbao zilizopasuka nyuma ya bolti ni dalili ya teke lisilopokelewa sawasawa. Kutu ya nje ndiyo inayowatisha wanunuzi, na mara nyingi ndiyo isiyo na maana.

17. Iliyokatwa mbao imeharibiwa?

Kwa mkusanyaji wa Ulaya, ndiyo, thamani imekwisha. Kwa mtu wa Nanyumbu, imepungua uzito na haivimbi tena (angalia swali la 6). Tunabishana juu ya hili kila tukikaa. Msimamo wangu: iliyokatwa zamani na kiwanda iache ilivyo, iliyobaki nzima usiikate. Na mtutu usiukate wewe. Sheria haitakuelewa.

18. Baba amefariki na ameacha bunduki. Ni yangu?

Bado. Leseni hairithiwi kama shamba. Bunduki inapelekwa polisi, inahifadhiwa, na mrithi anaomba leseni kwa jina lake kwa njia ya swali la 3, akiwa na nyaraka za mirathi. Omba stakabadhi yenye namba ya bunduki siku unayoikabidhi, na uandike ilivyo: mbao zipo, magazini ipo, mkanda upo. Yangu ilitoka stoo bila magazini, na hakuna aliyejua ilikwenda wapi. Kuipata nyingine kulinichukua muda mrefu kuliko leseni yenyewe.

## Yasiyo ya kila siku

19. Inatosha kwa simba au tembo?

Hapana. Najua hadithi ya mwindaji W. D. M. Bell, aliyeua tembo wengi kwa risasi ndogo ya Mauser ya milimita 7. Bell alijua ubongo wa tembo ulipo kutoka kila pembe na alikuwa na utulivu ambao wewe na mimi hatuna. Kiwango cha chini kinachotumika nchini kwa wanyama hao ni .375.

Kuhusu simba, swali linatoka mahali pa uchungu. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 Tanzania, na wilaya za Lindi na Mtwara zilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Watafiti walioyafuatilia mashambulizi hayo waliona uhusiano na nguruwe pori: nguruwe anakuja shambani, simba anamfuata, mlinzi wa shamba yuko katikati. Ndiyo maana wamiliki wengi wa huku wanapozungumzia bunduki wanazungumzia nguruwe. Simba mwenyewe ni wa askari wa wanyamapori. Piga simu, kusanya watoto ndani.

20. Mbona Wamarekani wanazisifu sana?

Kwa sababu kwao hesabu ni nyingine. Kuna miaka Mosin iliuzwa Marekani kwa chini ya dola 100, na kopo la chuma la risasi 440 likapatikana dukani. Kwa hali hiyo hata mimi ningesifu. Wakilalamika, wanalalamikia mambo ambayo hayatufiki, ya bunduki za jeshi lao wenyewe: Springfield za 1903 zenye namba chini ya 800,000 ambazo chuma chake kiliunguzwa kiwandani, au Garand, inayojipakia yenyewe, inayopindisha fimbo ya kusukumia bolti ikilishwa risasi kali za kuwindia. Soma kwa kujifunza, ila usinunue kwa ushauri wao. Mtu wa Ohio hajui kwamba kupata risasi 20 za .303 kunaweza kukupeleka Dar es Salaam na kukurudisha mikono mitupu.

21. Tumefukua mtutu wa zamani shambani. Tufanye nini?

Maeneo ya Mahiwa, Nyangao na njia za zamani za wapagazi hutoa vitu hivi bado. Usiusafishe, usivute bolti, usiupeleke kwa fundi wa baiskeli. Chuma kilichooza kinaweza kuwa na risasi ndani, na risasi ya miaka 100 haijui kwamba vita imekwisha. Weka alama kwenye mti wa karibu, mwambie mwenyekiti wa kijiji, yeye awaite polisi. Mara kwa mara serikali hutangaza kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa, lakini kwa kitu ulichokifukua hakuna haja ya kusubiri tangazo. Kutoa taarifa mapema ndiko kunakokulinda.

Na kama kilichoibuka ni cha mviringo, kizito, chenye ncha au pete ya shaba, hicho si bunduki. Usikisogelee hata kwa kupiga picha, na jembe liache pale pale lilipoanguka.